Nilikataa Mara Moja Tu

Kidoti alikuwa amebanwa katikati ya magoti ya mama yake, shingo imeinama, akichanwa nywele kwa chanuo lililobakiza meno machache. Mama mwenyewe alikuwa amevaa nusu. Sketi ya kazini tayari, shati la kazini bado linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, likimalizia kukauka. Chumba kilikuwa hicho kimoja: kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo zenye vifuniko, na sanduku la bati ambalo mgeni akija huwa kiti.

"Tulia."

"Natulia, mama. Kinachouma ni chanuo."

"Chanuo halijawahi kumuuma mtu aliyetulia."

Mlango uligongwa kwa kiwiko. Hodi hiyo waliijua. Ilikuwa ya Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa jirani wa chumba cha pili, mjane aliyeanza kuzeeka kuanzia miguuni, mtu wa nchi moja nao huko ng'ambo ya mpaka. Baba yake Kidoti alikwenda machimboni, simu zake zikaja kwa nadra, kisha zikakoma. Tangu hapo ni Shangazi aliyekuwa akishinda na mtoto wakati mama yuko kazini. Asubuhi hii alikuwa ameshika birika kwa mkono mmoja na mkate kwa mkono mwingine.

"Njooni mnywe chai."

"Tumeshakunywa, Shangazi," alisema Mama Kidoti.

Jiko lao lilikuwa baridi tangu jana. Shangazi aliliona, na Mama Kidoti akaona kwamba limeonekana.

"Mmekunywa nini? Hebu njooni."

"Kweli, tuko sawa. Usijisumbue."

"Jamani huyu! Kaeni chini kabla sijaimwaga hii chai hapa mlangoni."

Hapo wakakaa. Kidoti alikuwa na miaka mitano, na mpaka Shangazi aliposema mara ya tatu hakuwa ameutupia mkate hata jicho. Alikuwa ameshafundishwa. Mwaka uliopita alipewa ndizi mbele ya watu, akaipokea palepale, akafinywa paja kiasi kwamba hajasahau. Mtu anayekupa kitu hukukaribisha, wewe unakataa. Anarudia, unakataa tena, kwa sauti ya chini zaidi. Akirudia mara ya tatu ndipo unajua ametoa kwa moyo, si kwa kuona haya, na ndipo unapokea. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na mama yake ni mlafi zaidi kwa kumlea hivyo. Mama Kidoti alikua hivyo, na mama yake kabla yake, na hakuna aliyewahi kukaa chini akalieleza jambo hili. Ilikuwa kama kutembea, ukishajua hukumbuki ulivyojifunza.

"Leo ndiyo wanakuita kule kituo cha watoto?" aliuliza Shangazi, akimkatia mtoto kipande kikubwa kuliko cha mama.

"Leo mchana."

"Wakikupa?"

"Wakinipa, Kidoti anaanza Jumatatu. Anashinda kwao, anakula kwao, analala mchana kwao. Namfuata jioni."

"Na wasipokupa?"

Mama Kidoti alipuliza chai ambayo haikuwa na moto wa kupuliza. Wote wawili walijua. Shangazi alikuwa anarudi nyumbani kabisa. Miguu ilikuwa imegoma kupanda ngazi, mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi tena, na mwanawe kule alikuwa amemjengea chumba. Basi lake lilikuwa la Jumapili alfajiri. Wapo wanawake mtaani wanaolea watoto kwa malipo, lakini bei yao ilikuwa imepanda pamoja na kila kitu, na mshahara wa Mama Kidoti ulikuwa haujapata habari. Nafasi ya kituoni ikikosekana, Kidoti atapanda basi hilo na Shangazi, akakae kwa bibi yake.

Bibi alikuwa mtu mzuri. Tatizo halikuwa bibi. Mtoto anayepelekwa kwa bibi akiwa na miaka mitano hurudi ameshabalehe, kama anarudi, na humwamkia mama yake kama anavyomwamkia mkaguzi wa shule. Mama Kidoti alikuwa mmoja wa watoto hao. Siku mama yake alipokuja kumchukua, alimfutia kiti kwa khanga, akamkaribisha maji, kisha akatoka nje kwenda kuuliza yule mgeni anaondoka lini.

"Watakupa," alisema Shangazi. "Umesoma masomo yao yote. Wasipokupa wewe wampe nani?"

* * *

Kazini walikuwa wanafua shuka za hoteli na taulo za zahanati. Ilikuwa dobi kubwa, yenye bati juu na sakafu isiyokauka, na harufu ya dawa ya kutolea madoa iliyokufuata mpaka kitandani. Mama Kidoti alikuwa upande wa kukunja. Mwenzake waliyeshika naye shuka aliitwa Mrefu, kwa sababu alikuwa mfupi. Kila mmoja anashika pembe zake, wanavuta, wanakung'uta, wanatembea wakakutane, pembe kwa pembe, kisha wanaachana na kuanza nyingine. Mazungumzo yao yalikuwa ya vipande vipande, kadiri shuka ilivyowaleta karibu.

"Umemwomba ruhusa yule bwana?" aliuliza Mrefu walipokutana.

"Bado."

Waliachana, wakakutana.

"Kamwombe sasa hivi, hajala. Akila anakuwa na nguvu za kukataa."

Msimamizi alikuwa mezani kwake karibu na mashine ya kukaushia, akipanga vitambulisho vya wateja. Hakuwa amesahau habari ya wiki iliyopita. Shangazi alikuwa amekwenda kukata tiketi, Mama Kidoti akamleta mtoto kazini, akamficha nyuma ya vikapu. Kidoti akaona kikapu cha taulo zenye joto, akaingia, akalala. Msukuma vikapu hana macho ya kuangalia ndani ya kila taulo. Kikapu kilikuwa kimeshasukumwa hadi mdomoni mwa mashine ndipo mguu mdogo wenye soksi ukaonekana. Mama Kidoti alikuwa bado anaota soksi ile.

"Saa moja," alisema msimamizi. "Na nitaikata kwenye mshahara."

"Asante, bosi."

"Na yule mtoto nisimwone tena hapa. Siku nikimwona, mtakuwa wawili nyumbani."

"Ndilo ninalokwenda kulimaliza, bosi."

Mrefu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, halafu akapaza sauti juu ya kelele za mashine. "Wakikuuliza unataka, sema nataka! Usianze aibu zako!"

"Aibu gani?" alisema Mama Kidoti, na alikuwa anauliza kweli.

* * *

Lugha ya mji ule ilikuwa ileile ya kwao, ikitofautiana kwa matamshi tu, mambo ambayo watoto huchekana wakicheza. Alikuwa haulizi njia, hakosei dukani, anaelewa hata matusi. Kwa hiyo hakudhani kwamba kuna kitu kilichobaki asichokielewa.

Kituo cha Malezi kilikuwa jengo la chini lililopakwa rangi ya maziwa, lenye uwanja wenye pembea na vyoo vya urefu wa mtoto. Mama Kidoti alikuwa ameviona vyoo hivyo siku ya kwanza akavipenda kuliko kitu chochote pale. Akilini alimwona Kidoti amekaa bila kushikwa, miguu inagusa chini. Kwa ajili ya vyoo vile na kitanda cha mchana alikuja darasani kila Jumamosi, ametoka kazini, macho mekundu, akakaa kwenye mkeka na wazazi wengine wahamiaji, akajifunza namna ya kuongea na mtoto bila kupiga kelele.

Aliyewafundisha aliitwa Mwalimu na kila mtu. Alikuwa kijana, wa sauti ya chini, na alivua viatu kabla ya kukaa mkekani nao. Alikuwa mtu mwema. Hilo afadhali lisemwe mapema, kwa sababu mbele litakuwa gumu kulisema. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango la rangi: KILA FAMILIA INA NJIA YAKE. TUIHESHIMU. Hakuwa anacheza na bango hilo. Aliuliza kila mmoja jinsi watoto wanavyolelewa kwao, na akasikiliza, jambo ambalo hakuna afisa mwingine katika mji ule aliyewahi kulifanya.

Zamu ya Mama Kidoti ilipofika, hakutaka kuonekana mtu asiye na watu. Alisema, "Kwetu mtoto hakosi mikono. Akitoka kwa mama yuko kwa bibi, akitoka kwa bibi yuko kwa mama mkubwa. Hakuna mtoto wa kuangaliwa na mtu baki." Mwalimu alipiga makofi. Wageni kutoka makao makuu walipokuja kukagua, Mama Kidoti aliombwa ayarudie maneno yale, naye akayarudia kwa ufasaha zaidi, akaongeza na wajomba. Siku hiyo alitembea kwa madaha mpaka nyumbani. Yalikuwa maneno ya kweli, ila yalikuwa ya kweli huko ng'ambo. Huku mikono yote ilikuwa miwili, na yote inakunja shuka.

Chumba walichomwitia kilikuwa na meza na viti vitatu. Mwalimu alikuwepo, akitabasamu. Kando yake alikaa Mkuu wa Kituo, baba mwenye mafua, leso mkononi.

"Karibu, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, tunashukuru."

"Kazi?"

"Inakwenda."

"Mchana mtoto anabaki na nani?"

"Na jirani yetu. Mtu wa kwetu."

"Mtu wa kwao," Mwalimu alimwambia Mkuu kwa furaha, kama aliyetabiri mvua ikanyesha.

Mama Kidoti alikuwa na maneno mengine kooni. Jirani anaondoka Jumapili. Mtoto nusura aingie kwenye mashine. Lakini kuanza kumwaga shida kabla hujakaribishwa ni kuomba, na yeye hakuja kuomba, aliitwa. Alikaa wima, mikono mapajani, akingoja mambo yaende kwa mpangilio wake.

Mkuu alifuta pua. "Sasa, mama. Tunazo nafasi mbili zilizobaki za watoto kushinda hapa. Umehudhuria vizuri. Tungependa kukupa moja, kwa ajili ya mwanao. Je, unaihitaji?"

Ilikuwa imekuja. Ilikuwa pale mezani, kati ya leso na bilauri ya maji. Na mdomo wake, uliolelewa vizuri, ukafanya kama ulivyolelewa.

"Aa, msijisumbue. Wapo wenye shida kuliko sisi."

Akateremsha macho, akasubiri.

Alipata muda wa kuona vidole vyake vilivyochubuka kwa dawa na kuvificha. Sasa atasema, *hata, mama, chukua*. Nitamwambia, *tutabanana hivyohivyo*. Halafu atasema tena, nami nitamwambia asante.

"Unaona?" alisema Mwalimu taratibu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Ndivyo walivyo. Mtoto wao abaki na watu wao. Na bado anawafikiria wengine."

"Vizuri sana," alisema Mkuu. "Sisi hapa hatumlazimishi mtu. Uamuzi wa familia tunauheshimu." Akasimama, akanyoosha mkono.

Mama Kidoti aliupokea mkono ule. Alifikiri labda hapa wanarudia wakiwa wamesimama. Mwalimu akaizunguka meza, akamkumbatia, akampa cheti chake cha masomo kilichofungwa utepe, akamfungulia mlango. Labda basi wanarudia mlangoni. Mwalimu akamwita mzazi anayefuata. Mwanamke mmoja mwenye bangili nyingi akapita mbio, na kabla mlango haujafungwa akasikika akisema, "Nataka! Kama ni habari ya nafasi, mimi nataka!" na Mkuu akicheka kwa sauti ya mafua.

Mama Kidoti alitoka hadi getini, akasimama kando ya kibanda cha mlinzi. Kwao mtu akikataa kitu chako akaondoka, unamfuata njiani nacho. Unamkimbilia hata bila viatu, unamwekea kwapani, unamwambia, usinitie aibu. Alikuwa amesimama pale ili asiwape kazi ya kumkimbilia mbali. Alitazama mlango wa jengo. Mtoto mmoja alitoka, akaingia kwenye pembea. Mwanamke wa bangili alitoka anaimba. Mtu mwingine akaingia, akatoka akibusu karatasi. Hakuna aliyemtafuta yeye.

Ndipo alipoelewa, pale kwenye jua, na utepe wa cheti ukiloa jasho mkononi. Wamemaliza. Wameuliza, nimejibu, wamemaliza.

"Umesahau kitu, mama?" mlinzi alimuuliza alipomwona anarudi.

"Ndiyo."

Mwalimu alikuwa ukumbini akipanga viti. Alifurahi kumwona.

"Mwalimu, ile nafasi. Ya Kidoti. Naihitaji."

"Lakini ulisema..."

"Najua nilivyosema." Alitafuta namna ya kueleza kitu ambacho hakijawahi kuhitaji maelezo. "Nilikuwa nasubiri uniulize tena."

Mwalimu aliweka kiti chini. Uso wake ulibadilika polepole, na Mama Kidoti akamwonea huruma, jambo la ajabu.

"Mara ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Hata moja tu ingetosha."

Walikwenda pamoja kwa Mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho, leso puani, hakumkatiza. Kisha akasema majina ya waliopata yameshapelekwa makao makuu, na akibadilisha moja ataulizwa kwa nini.

"Waambie kulitokea makosa," alisema Mwalimu.

"Aliyekosea nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua, kwa kuwa ndilo swali atakaloulizwa.

"Sisi tulipewa mafunzo, dada," Mkuu aliendelea, sasa akimtazama Mama Kidoti. "Wiki nzima. Jinsi ya kuishi na watu wa mila nyingine. Tuliambiwa mgeni akisema hapana, ni hapana. Kumrudia ni kumdharau, ni kumfanya mtoto."

"Waliowafundisha ni watu wa kwetu?"

Mkuu alipenga kamasi kwa muda mrefu. "Walikuwa wataalamu," alisema. "Njoo mwakani. Utakuwa wa kwanza."

Ukumbini Mwalimu alimshika mkono. "Nifanye nini? Nikupe namba yangu, nizunguke vituo vingine, niongee na watu? Nikusaidie vipi?"

"Usijali, Mwalimu. Hakuna shida."

Alijisikia akiyasema. Yalitoka kabla hajayashika, laini, yenye adabu, na Mama Kidoti akatamani kujizaba kofi. Mwalimu alifungua mdomo. Kwa hakika alifungua, maana alikuwa ameshaanza kuelewa. Lakini Mkuu alimwita kutoka ndani, mara ya kwanza na ya pili, akageuka kuitika. Saa ya ruhusa ilikuwa imekwisha zamani. Mama Kidoti akaondoka mbio.

* * *

"Walikupa?" aliuliza Mrefu, shuka mkononi.

"Nilikataa."

Mrefu aliachia pembe. Shuka nyeupe ikalala sakafuni penye maji. "Ulikataa?"

"Nilikataa mara moja tu."

"Sasa ulitaka ukatae mara ngapi?"

Mama Kidoti aliokota shuka. Ilibidi irudi kufuliwa. Aliikunja kwa ajili ya kurudi kufuliwa, pembe kwa pembe, jambo lisilo na maana, na Mrefu alimwacha akunje. Baadaye Mrefu alikwenda peke yake kwa msimamizi, akamwomba mtoto akubaliwe kukaa nyuma, uwanjani kwenye kamba za kuanikia, siku moja moja tu. Msimamizi alikuwa ameshakula.

* * *

Shangazi alikuwa amekaa juu ya furushi lake analifunga kwa kamba, Kidoti amekaa juu pia, kuongeza uzito. Mama Kidoti alisimama mlangoni na cheti chake.

"Walisema wanakupa?"

"Walisema."

"Ukakataa."

"Nikakataa."

Shangazi alisubiri sehemu iliyobaki, na ilipochelewa akaelewa. "Hawakurudia?"

"Hawakurudia."

Kwanza Shangazi alicheka, kicheko kifupi cha puani, kwa sababu mtu akijikwaa hata akivunjika mguu kuna kichekesho kidogo ndani yake. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Kwake jambo hilo halikuhitaji maelezo, na hilo ndilo lililomuuma Mama Kidoti kuliko yote ya siku ile. Watu wa kumwelewa walikuwa wanaondoka Jumapili.

"Watu wa huku," alisema Shangazi. "Wema wao wanautaja mara moja, kama tangazo la stendi. Hukusikia, gari limeondoka. Basi nitakwenda naye."

"Hapana, Shangazi."

"Nitakwenda naye. Nitampakata."

"Hapana. Safari ndefu, atakusumbua."

"Anisumbue nini, huyu? Nimemlea huyu."

Mama Kidoti alikuwa anakataa kweli. Alikuwa anakataa kwa nguvu zake zote, lakini hapana aliyokuwa nayo ni hiyohiyo moja, ya chai na ya mkate, na Shangazi aliipokea kama anavyoipokea kila asubuhi, akaisukuma pembeni kwa upendo. Na hata kama angeipata hapana nyingine, Jumatatu angempeleka wapi mtoto? Kwenye kikapu cha taulo?

"Nakwenda naye, mwanangu," alisema Shangazi mara ya tatu. "Usinitie aibu."

Mama Kidoti akanyamaza, na kunyamaza hapo kila mtu anajua ni jibu gani.

Walirudi chumbani kwao. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani, limefika kwenye sanduku la bati. Alilifungua, akaanza kutoa nguo za mtoto na kuzikunja kitandani, na mikono ilikunja yenyewe, kwa namna ya kazini, kingo zimenyooka kama za hoteli. Magauni yalikuwa machache. Aliyakunja, akayakunjua, akayakunja tena. Alijuta. Alijuta neno lile moja, akajuta makofi aliyoyafurahia, akajuta paja dogo alilolifinya kwa sababu ya ndizi.

Kidoti alisimama mbele yake, mikono nyuma, akitazama nguo zake zikiongezeka kitandani. Shangazi alikuwa ameshamwambia, au alikuwa amesikia. Chumba na chumba vilitenganishwa na ukuta wa mbao.

"Kidoti."

"Abee, mama."

"Unataka kwenda kukaa kwa bibi?"

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akateremsha macho kama anavyotakiwa.

"Hakuna shida, mama."

Alilisema vizuri, kwa sauti ya chini, bila kununa. Halafu akainua macho, akamtazama mama yake mdomoni. Alikuwa anasubiri. Mama Kidoti aliijua subira hiyo. Alikuwa ameikalia mwenyewe mchana, mikono mapajani, mbele ya mtu mwenye leso. Sasa ilikuwa zamu yake kurudia. Akiuliza tena, jibu litalegea. Akiuliza mara ya tatu, mtoto atasema anachotaka.

Aliweka gauni la mwisho juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja.

"Viatu vyako vya kutokea umeviweka wapi?" aliuliza.

Kidoti alisubiri kidogo zaidi. Kisha akainama, akaanza kuvitafuta chini ya kitanda.